Uliza Anti: Beji Yangu ya Sororiti Imeibiwa, Nafanyaje?

Toleo lililopita nilisema kwa kupita tu kwamba beji yangu ya sororiti, yaani chama cha wasichana wa chuo, niliipoteza nikiwa nasoma Marekani, sikuweka hata sentensi tatu, basi jamani barua zilizoingia sikuzitegemea kabisa, kumbe tuliopita kwenye vile vyama vya herufi za Kigiriki tuko wengi, na wenye watoto au kaka zao kule fratenati, vile vyama vya wavulana, ndo usiseme, kila mtu ana kisa chake cha beji. Nimechagua chache nizijibu hapa.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, hii beji siyo ile ya plastiki ya kwenye semina. Ni pini ndogo, wengine ya kwao haifiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ya dhahabu au iliyopakwa dhahabu, nyingi zimezungushiwa lulu au vito vya opali, unavalishwa siku unapoapishwa na kuanzia hapo inakaa upande wa moyo. Ndogo hivyo na bei yake hivyo, kwa nini isipotee.

Anti shikamoo. Niko mwaka wa tatu, chuo kimoja Ohio. Beji yangu niliiacha juu ya droo chumbani kwenye nyumba ya tawi letu, Jumamosi kulikuwa na sherehe watu wakajaa hadi kwenye ngazi, Jumatatu naitafuta niende nayo kwenye kikao haipo. Wenzangu wananiambia nisiende polisi eti ni kitu kidogo na nitaliaibisha tawi. Makao makuu nako naogopa, nasikia ukipoteza beji wanakutoa uanachama. Nina wiki sijalala. — Mwenye Majuto, Ohio

Marahaba mdogo wangu. Kwanza lala. Kupoteza beji hakukutoi uanachama, watu wa makao makuu wanapokea simu za hivi tangu bibi zetu hawajazaliwa, wanaandika tu kwenye kumbukumbu zao kwamba beji yako imepotea na wanakuruhusu kuagiza nyingine. Na hiyo ruhusa utaihitaji kwa sababu sonara rasmi wa chama hatengenezi beji mpya mpaka makao makuu wathibitishe kuwa wewe ni mwanachama kweli.

Kabla ya yote kung'uta lile blauzi ulilovaa mara ya mwisho, angalia kola ya sweta, angalia ndani ya mashine ya kufulia kwenye ule mpira wa mlangoni, vuta hiyo droo uone nyuma yake. Nasema hivi kwa sababu nusu ya "zilizoibiwa" zinakutwa hapo.

Kama haipo, nenda polisi leo. Siyo kwamba kuna mpelelezi atakayeacha kesi zake aje kutafuta pini yako, sitakudanganya. Unakwenda kuchukua namba ya ripoti, maana bila hiyo namba mlango hata mmoja haufunguki, siyo wa bima, siyo wa duka la rehani, siyo wa eBay, lile soko la mtandaoni. Majimbo mengi kule yanawataka wenye maduka ya rehani waandike kila kitu wanachopokea pamoja na kitambulisho cha aliyekileta, taarifa zinapelekwa polisi, sehemu nyingi kwa mfumo wa kompyuta unaoitwa LeadsOnline, na kitu kinatakiwa kikae dukani siku kadhaa kabla hakijauzwa. Sasa askari akitafuta humo anatafuta kwa maneno. Ukimwambia "pini ya dhahabu" umemwambia nini? Zipo elfu. Mwambie umbo lake, lulu ngapi, lulu ipi imetoka au imepasuka, na zaidi ya vyote mwambie mgongoni pameandikwa nini.

Mgongo, mdogo wangu. Mbele beji zenu zote zinafanana, kazi ya sonara ndo hiyo. Nyuma ndo kuna wewe: herufi za jina lako, tarehe ya kuapishwa, herufi za tawi, na kwa vyama vingine namba ya beji au ya uanachama. FBI wana daftari lao la kompyuta la taifa zima linaitwa NCIC, lipo tangu 1967, lina sehemu ya vitu vilivyoibiwa, lakini kitu kisicho na namba ya kukitofautisha hakiingii humo. Kama huikumbuki namba yako (nani anaikumbuka!) wapigie makao makuu wakutajie. Risiti ya sonara nayo itafute kwenye barua pepe zako.

Mimi hili lilinikuta vibaya. Niliisahau kwenye koti nikalipeleka kwa dobi, koti likarudi limenyooshwa vizuri na vitundu viwili kifuani. Dobi akaniuliza tu, ilikuwaje hiyo pini? Nikasema ya dhahabu ina lulu. Akaniuliza nyuma? Nikabaki natazama ukuta. Miaka yote ile sijawahi kuigeuza.

Siku za mwanzo zunguka mwenyewe maduka ya rehani na wale wanaonunua dhahabu chakavu hapo mjini, acha picha na namba ya ripoti. Anza na hao wa dhahabu chakavu, kwa sababu wa rehani anataka kuuza, huyu mwingine anataka kuyeyusha, na ikishayeyushwa hakuna cha kurudisha.

Bima: kama wazazi wako wako huko na wana bima ya nyumba, mwanafunzi anayekaa chuoni mara nyingi anaingia humo. Ila soma vizuri, bima nyingi za kawaida zinaweka kikomo cha dola 1,500 kwa vito vyote vilivyoibiwa kwa pamoja, na bado unakatwa kile kiasi cha kwanza unachotakiwa kujilipia mwenyewe, kwa hiyo kwa beji moja unaweza ukatoka mikono mitupu.

Na hao wenzako wa aibu ya tawi, hmm. Waulize kama simu yao ingechukuliwa wangekaa kimya. Ila usije ukaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba unamshuku fulani, ukikosea umeharibu urafiki na pengine umejitafutia wakili.

Kaka/dada mhariri, mimi nafanya kazi ya kuhamisha vitu vya nyumba Minneapolis na pembeni nanunua maboksi kwenye minada ya vitu vya marehemu. Kwenye boksi moja la vikuku na hereni za bandia nimekuta kama mshale mdogo wenye lulu na kicheni, nyuma pana alama ya 10K na herufi herufi. Jamaa wa dhahabu kanipimia gramu 4 anataka kuichukua. Nimpe? — Mbeba Mizigo

Kaka yangu usimpe, na wala siyo kwa sababu ya huruma, piga hesabu kwanza. 10K maana yake sehemu 10 kati ya 24 ni dhahabu, yaani asilimia 41.7. Hizo gramu 4 zako zina dhahabu safi isiyofika gramu 1.7, na hapo bado hajatoa uzito wa lulu, ambazo yeye hazilipii, atazing'oa azitupe. Mwanachama au mkusanyaji akiiona nzima atakupa zaidi ya huyo.

Mshale ni wa Pi Beta Phi, walianza 1867 Monmouth College kule Illinois. Hicho kicheni hesabu vipingili vyake, vikiwa 12 ujue ni vya waasisi 12. Na usishangae siku nyingine ukikuta ufunguo, huo ni wa Kappa Kappa Gamma waliozaliwa chuo hicho hicho miaka mitatu baadaye. Nanga ni Delta Gamma, kinubi ni Alpha Chi Omega, kishada chenye pembe nne kama kile wanachorusha watoto ni Kappa Alpha Theta. Msalaba mweupe wa enameli, ile rangi ngumu inayong'aa, ni wa kina kaka, Sigma Chi, walianza 1855 Ohio. Ukijua maumbo matano sita unakuwa umeshatambua nusu ya zinazotupwa kwenye maboksi.

Nunua lenzi ya sonara uisome nyuma. Utakuta alama ya aliyetengeneza, mara nyingi Balfour, hao wametokea Attleboro, Massachusetts mwaka 1913, kwa hiyo yenye alama yao haiwezi kuwa ya kabla ya hapo hata muuzaji akuapie. Halafu utakuta herufi za mwenye beji na mwaka. Kwenye herufi za tawi kuwa mwangalifu, hicho ni Kigiriki, kinachofanana na P ni Rho, kinachofanana na H ni Eta, X ni Chi, na kile kinachofanana na E iliyokosa mkono wa katikati ni Sigma. Nakili kama unavyoona, usitafsiri.

Kisha piga simu makao makuu ya chama wasomee ulichokiona. Wakikwambia imeandikwa kwao kwamba iliibiwa basi hapo biashara imebadilika, soma jibu linalofuata. Wakikwambia mwenyewe ni marehemu na hakuna aliyeripoti, wao wenyewe au wanachama wa hapo Minnesota mara nyingi wanatafuta pesa ya kuinunua. Taja bei ya binadamu.

Jambo moja zaidi kaka, ukiiweka mtandaoni usionyeshe mgongo wote. Funika herufi mbili tatu. Atakayesema ni yake akutajie hizo ulizofunika.

Dada, beji yangu iliibiwa nyumbani kwangu Newark mwaka 2009 pamoja na pete ya marehemu mama. Niliripoti polisi, karatasi ninayo. Juzi usiku napitapita eBay nikaiona, nimeiona kwa macho yangu, muuzaji yuko hapa hapa New Jersey, kaweka picha ya nyuma na herufi zangu na tarehe ni ile ile. Nimemwandikia kwa hasira kanijibu alinunua kihalali na miaka imepita, nikiitaka nitoe dola 240. Ana haki? — Mwenye Hasira

Dada pole, na hasira yako naielewa, ila ungeniandikia mimi kabla ya kumwandikia yeye. Sasa anajua unaitaka kiasi gani.

Twende kwenye haki. Kanuni ya Marekani karibu majimbo yote ni kwamba mwizi hana umiliki wa kumpa mtu, kwa hiyo hata huyu aliyenunua kwa moyo safi, na aliyemuuzia, na aliyemuuzia huyo, wote wamepokea hewa. Hapo angalia mtego mmoja ambao watu hawaujui: kama beji ungempelekea sonara airekebishe, yeye ndo akaigeuka akamuuzia mteja dukani kwake, huyo mteja analindwa, wewe unabaki kumdai sonara. Kuibiwa na kukabidhi ni vitu viwili tofauti mbele ya sheria. Wewe uliibiwa, na karatasi unayo.

Hii ya "miaka imepita" ndo patamu, na bahati yako uko New Jersey, kwa sababu kesi inayosomwa na wanasheria Marekani nzima kuhusu jambo hili ilitokea hapo, na aliyeshtaki ni mwanasororiti mwenzetu, Georgia O'Keeffe yule mchoraji, alikuwa Kappa Delta enzi zake za shule kule Chatham, Virginia. Picha zake tatu ndogo zilipotea 1946 kwenye galari, yaani duka la picha za sanaa, ya mume wake Alfred Stieglitz New York. Hakwenda polisi. Mwaka 1976 akazikuta kwenye galari moja New Jersey, akazidai, mwenye galari akasema kama alivyokwambia huyo wako, mama umechelewa, sheria inakupa miaka 6. Ikafika mahakama ya juu ya jimbo na mwaka 1980 majaji wakasema hapana, ile miaka 6 haianzi kuhesabiwa siku kitu kilipopotea kama mwenyewe alikuwa anakitafuta kwa bidii inayostahili na hakuwa na njia ya kujua kiko wapi, inaanza pale alipojua au alipotakiwa kujua. Wakarudisha kesi chini ikachunguzwe bidii yake, wenyewe wakaja wakaelewana nje.

Umeona neno ni bidii. Kwa hiyo swali lako siyo miaka mingapi, swali ni ulifanya nini tangu 2009. Ripoti unayo, vizuri sana, umemzidi O'Keeffe. Makao makuu uliwaambia? Barua pepe hiyo ichapishe. Uliwahi kuulizia maduka? Kusanya. Kumbuka hii ni ya New Jersey, New York jirani zako wanahesabu kivingine, wao saa inaanza ukimwomba aliyenayo akakataa kukupa, na majimbo mengine yana ya kwao.

Cha kufanya leo hii: piga picha ukurasa wote wa tangazo kabla hajaufuta, namba ya tangazo, jina lake, picha ya mgongo. Nenda na ile karatasi polisi kule kule uliporipoti, waambie kitu kimeonekana, kwa sababu eBay taarifa za muuzaji hawakupi wewe ila polisi akiwaandikia wanashirikiana naye. Usimwandikie tena muuzaji. Na waulize na ile pete, nani ajuaye, anayeuza beji anaweza kuwa alinunua boksi zima.

Sasa niseme la moyoni ambalo wakili hatalipenda. Ikiwa mnada unaisha leo usiku na polisi wanakwambia rudi Jumatatu, mimi ningelipa hizo 240. Ningelipa kwa kadi, ningetunza risiti, halafu ndo ningedai pesa yangu nikiwa na beji kwenye kabati. Wakili kwa saa moja atakula zaidi ya hapo. Wapo watakaosema unawalea wezi, sawa, ila mwizi wa 2009 hizi pesa hazioni, na ikiuzwa kwa mtu wa mbali hutaipata tena. Wengine wanachangishana na masista wa tawi lao wa zamani, siyo aibu.

Na mnaotafuta za kwenu, eBay unaweza kuhifadhi utafutaji wako ikawa inakuletea taarifa kila kinapowekwa kitu kipya. Msitafute kwa jina la chama tu. Muuzaji asiyejua Kigiriki anaandika kwa Kiingereza "mshale wa dhahabu wenye lulu" au anasoma Sigma kama E, Theta kama O, na wengine wanaipiga picha imepinduka kichwa chini wanapata herufi za chama kisichokuwepo duniani. Hifadhini utafutaji mitatu minne tofauti, umbo, vito, herufi zilizokosewa.

Anti, mama alifariki Maryland mwezi wa pili, kwenye vitu vyake kuna beji yake. Mimi sikujiunga na chama chochote. Naruhusiwa kuivaa kwenye arobaini? — Binti yake

Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu mama. Usiivae. Vyama vingi vinahesabu beji kuwa mali ya chama, mwanachama amekopeshwa tu maisha yake yote, na anayeivaa ni aliyeapishwa peke yake. Kawaida kuna njia tatu: kuzikwa nayo, na hiyo imeshapita, kumpa ndugu wa damu ambaye naye ni mwanachama wa chama hicho hicho, au kuirudisha makao makuu, wengine wanaziweka kwenye makumbusho yao. Wapigie uulize kwa upole kama unaweza kukaa nayo kwenye fremu na picha ya mama, wapo wanaokubali. Ila popote itakapokwenda, iandikie kikaratasi cha jina la mama ukifunge nayo. Zile anazookota Mbeba Mizigo hapo juu zilifika kwenye boksi kwa kukosa kikaratasi tu.

Mambo vipi, mie ndo naapishwa mwezi ujao Texas, beji yangu inakuja na opali. Nipe maujanja ya kuitunza nisije nikaandika barua kama hizi. — Mpya

Poa sana, na hongera. Ikifika tu, kabla hujajipiga selfi, igeuze upige picha mgongo kwa mwanga mzuri, tuma picha kwa mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, basi. Usiiweke Instagram. Mbele weka hata bango, ila nyuma ndo ushahidi wako, ukishaimwaga hadharani yeyote anaweza kusema ni yake na akataja kila herufi.

Angalia sindano yake inafungwaje. Za zamani zina ndoano tu iliyopinda kama herufi C, sindano inateleza yenyewe ukikumbatiana na mtu, na kwenye vikao vyenu mtakumbatiana weee. Mpya nyingi zina kifungo kinachozunguka kikajifunga. Ukirithi ya zamani mpe sonara abadilishe kifungo, na mdai risiti yenye maelezo ya kila kilichoandikwa nyuma, kwa sababu ile niliyomweleza dada wa Newark. Ipo na ile pini ndogo ya herufi za tawi inayounganishwa kwa cheni, watu wanaona ni pambo, lakini inakusaidia, moja ikichomoka nyingine inaishikilia.

Opali haipendi joto wala ile mashine ya sonara ya kusafisha kwa mtetemo, lulu ndo kabisa, manukato na spreyi ya nywele vinaila. Vaa beji mwisho ukishamaliza kujipulizia, futa kwa kitambaa laini, rudisha kwenye kiboksi chake. Usiichomeke kwenye sweta la kufuma. Na kabla nguo haijaenda kwa dobi, mikono yote miwili kifuani, papasa, mimi sitaki kusikia.

Nimeokota ufunguo mdogo wa dhahabu uwanja wa ndege Atlanta, una mkono unanyoosha kidole kwenye nyota tatu na herufi tatu za Kigiriki. Sororiti gani hiyo? — Msafiri

Siyo sororiti kaka, hiyo ni Phi Beta Kappa, chama cha wanaofaulu sana, kilianza Virginia tarehe 5 Desemba 1776, ndo maana tarehe hiyo utaikuta imeandikwa humo usije ukadhani umeokota kitu cha miaka 250. Na hizi funguo kwa kawaida zinaandikwa jina la mwenyewe, chuo chake na mwaka. Igeuze. Umeona? Haya, mtafute.